Kitabu Kisichokuwepo

Miaka ishirini na sita nimewashusha hapa,
wenye mikoba, wenye vikohozi, wenye mapenzi mapya;
mlango wa nyuma unapumua, wanatoka,
nami nageuza usukani kuelekea darajani.
Kituo cha Maktaba. Sikuwahi kushuka.

Leo nimeshuka.
Goti walilonitilia chuma linahesabu ngazi kwa sauti.
Kwapani, ndani ya mfuko wa duka la mikate,
nimebana kitabu nilichookota kiti cha nyuma kabisa,
majira ya theluji, mwaka aliovunjika Klotylda kiwiko:
Magugu ya Kingo za Mto, pamoja na michoro.
Nilikusudia kukirudisha Jumatatu.
Jumatatu hiyo sasa ina miaka kumi na mmoja.

"Kirudishe," alisema asubuhi, akikata tango la chumvi,
"usije ukafa ukaniachia deni la majani."

Ukuta wa mbele umevaa shaba iliyoota kijani,
umeandikwa maandishi makubwa ya mataifa,
mengine sijui hata yaanzie kulia au kushoto.
Mlango ukafunguka wenyewe. Nikaingiwa na woga.
Faini ya siku moja, mara siku zote zile:
nilipiga hesabu tangu kituoni, nikafika bei ya friji,
nikaacha kuhesabu.
Basi nikapanda kwanza juu, bustanini,
kama mtu aliyeahidiana na daktari wa meno
akaamua kuzungukia sokoni.

Juu ya paa kuna udongo.
Si vyungu, nasema udongo, wa kuzamisha kisigino!
Mizabibu mwitu imeparamia nyaya na vyuma,
bibi harusi ameshika viatu mkononi, anapigwa picha,
na mto Vistula ng'ambo ya barabara
unapita bila kumtazama mtu.

Mtunza bustani, Ziemowit kwa kibandiko cha kifuani,
alikuwa anang'oa kitu kwenye changarawe, analaani.
"Hiyo pakanga," nikamwambia. "Mbegu huja na upepo wa mto.
Ukibakiza mzizi hata wa urefu wa kucha, imerudi."
Akainuka taratibu. "Profesa?"
"Dereva wa basi."
Akacheka, halafu akachimba tena palepale, chini zaidi.

Kuna kidaraja kinachopita juu ya paa la kioo.
Nikasimama. Chini yangu, ukumbi wa kusomea.
Kwenye kioo cha basi nilizoea nyuso zao;
hapa naona utosi tu, safu kwa safu,
njia za nywele zilizochanwa kwa haraka,
mmoja amelalia kamusi, mwingine anatafuna biskuti kwa siri.
Nikajifanya sikuona. Hata kwenye basi ilikatazwa.

Kisha nikashuka.
Dada wa kaunta, Dobrochna, akakipitisha kitabu kwenye taa nyekundu,
akakunja uso, akakipitisha tena.
"Kitabu hiki hakipo," akasema.
"Hiki hapa."
"Kimefutwa, bwana. Aliyekiazima aliripoti kimepotea,
akakilipa." Akasoma zaidi. "Kwa awamu tatu."
"Nani?"
"Hairuhusiwi kusema."
Akanisukumia kitabu changu kisichokuwa changu.

Awamu tatu. Mtu alikula mkate mkavu mahali fulani
ili mimi nijue pakanga.

Nimerudi juu, siketi.
Yule, kama ni mke kama ni mume, keshamaliza masomo,
pengine ana mvi ya kwanza,
pengine leo asubuhi amepanda basi la mwenzangu
na kusahau mwavuli.
Simu inalia mfukoni.
"Haya, wamesemaje?"
"Wamesema kilishalipwa."
"Kililipwa? Na nani?"
Ninatazama chini ya kioo, utosi wote ule.
"Na abiria," nasema.